Ala Kiunoni mwa Mume Wangu

Mume wangu alikuwa mkwezi wa minazi, na kisu chake kililala ndani ya ala iliyotoka mkononi mwa dada yake. Mtu akisikia hivyo ataona ni jambo dogo. Mimi lilinikaa miaka minne kama mwiba wa samaki kooni, humezi wala hutemi.

Nieleze vizuri. Mkwezi hapandi mnazi na kisu mkononi. Mikono yote miwili yashika mti, miguu yatafuta vidato, zile alama zilizochongwa kwenye shina za kukanyagia. Kisu hukaa nyuma kiunoni, ndani ya ala ya ngozi iliyofungwa kwenye mshipi. Ala ikiwa mbovu, mtu yuko juu kule na chuma kitupu kinamgusa nyama. Kwa hiyo anayemtengenezea mkwezi ala ndiye aliyeishika roho yake. Na aliyeishika roho ya mume wangu hakuwa mimi.

Wifi yangu alimtangulia mume wangu kuzaliwa. Aliachika huko Jego angali mbichi, akarudi kwao na mtoto mmoja wa kiume mgongoni, akajengewa nyumba upande wa pili wa uwanja wetu, hapo karibu na Msambweni. Baba yao, ambaye mimi niliolewa nikakuta amekwisha kufa, alikuwa fundi wa ngozi: viatu, mishipi, ala. Wanawe wa kiume hawakuwa na subira ya kukaa. Huyu binti alikaa. Akarithi mkono wa baba yake, akarithi na msharasi wake, ule msumari wa kutobolea ngozi, mpini wake umelika pale kilipokaa kidole gumba cha marehemu. Ulimi wake sijui aliurithi kwa nani.

Siku ya tatu ya ndoa yangu tulikuwa wanawake tunakuna nazi uwanjani. Mume wangu akapita na kisu chake nyuma, nami nikamfuata kwa macho. Wifi akaniona.

"Wifi," akasema, "mume tumekupa. Lakini kiuno bado ni cha kwetu."

Wanawake walicheka mpaka mbuzi zote zikasimama kukuna. Nami nikacheka, kwa sababu bi harusi hanuni. Lakini niliyaweka yale maneno.

Kila wakwezi walipomaliza kuangua nazi za shamba moja, kabla ya kwenda shamba jingine, mume wangu aliichukua ile ala akaenda nayo kwa dada yake ikaguliwe. Alikaa kwenye kizingiti, dada akiipaka mafuta ya nazi na kubadilisha uzi uliochakaa. Nyumbani kwangu mume wangu alikuwa mtu wa maneno matatu: nipe, sitaki, kesho. Kule nilimsikia akicheka mpaka akakohoa. Wanakumbushana mambo ya utoto wao, mbuzi wao aliyeingia msikitini, sijui nini. Mimi niko upenuni kwangu nasuka ukili wa mikeka, nawatazama. Nilijifunza kuchungulia bila kugeuza shingo.

Nilichokiona ni kwamba wifi akishona alifungua mikono yote miwili, huu huku na huu kule, kama mtu anayetaka kumkumbatia jirani. Nikajiambia, maringo tu. Mtu mwenye haya hushona na mkono mmoja.

Siku moja nikamwambia mume wangu, "Ala nyingine nitakushonea mimi."

"Wewe?"

"Sina mikono?"

"Mikono unayo, bibie. Mikeka yako haina mfano hapa mpaka Ukunda. Lakini ngozi si ukindu."

Hilo nalo nikaliweka. Baadaye nikameza kiburi, nikakaanga vitumbua, nikaenda kwa wifi na sahani. Nikamwambia anifundishe. Akala vitumbua vitatu, akajifuta vidole kwa upole kabisa.

"Vitumbua vyako vitamu, wifi. Lakini kazi hii ni ya baba. Na kile kisu na ala yake vitakwenda kwa mwanangu, ndiyo ada yetu. Wewe ujifunze, uje uiweke wapi?"

Na kweli ndiyo ilikuwa ada. Kwetu Wadigo, wakati ule, mali ya mwanamume iliteremka kwa watoto wa dada yake, si kwa wanawe mwenyewe. Masheikh waliikataza, lakini ilikuwapo. Kwa hiyo hata mume wangu akifa, kiuno chake kingerudi kwao. Nikachukua sahani yangu nikaenda zangu.

Kisha ukaja Uhuru. Watu wanausimulia kwa bendera na ngoma. Mimi naukumbuka kwa ngozi. Mafahali walichinjwa kila mahali, na wakata miwa wa Ramisi, waliotaka kwenda kwenye sherehe wamependeza, walijaa mlangoni kwa wifi kuagiza ala za mapanga yao. Nikamtazama akiamkiwa na wanaume kumi kwa asubuhi moja, "Shikamoo fundi," na mimi upenuni na ukili wangu, anayeniamkia ni kuku.

Nikaenda machinjioni. Kulikuwa na mzee wa Kiduruma aliyeleta ng'ombe kutoka upande wa Mackinnon Road, nikamwomba aniuzie ngozi.

"Ya kulalia, mama?"

"Ya kushona."

Alinitazama juu mpaka chini, lakini alinieleza. Ikwangue nyama yote mpaka iwe safi. Itie kwenye maji ya magome ya mkandaa, ule mti wa mikokoni, maji yawe mekundu kama chai. Iache humo mpaka mwezi mwingine uandame. "Ngozi haipendi haraka," akasema. "Iweke, uisahau, ndipo uikumbuke."

Mwenye wivu hasahau. Niliitoa siku ya kumi na mbili. Ilikuwa bado inanuka, na wifi akasimama ng'ambo ya uwanja na upande wa leso puani.

"Wifi, kwako kuna mzoga?"

"Ni papa mkavu," nikamwambia.

"Papa huyo alikuwa na pembe?"

Nikajifanya sikusikia. Nilinoa spoki ya baiskeli kwenye jiwe, nikaitia mpini wa gunzi, huo ndio ukawa msharasi wangu. Nikachukua uzi wa nyavu nikaupaka nta ya nyuki. Mume wangu alipojilaza baada ya chakula cha mchana, nikatandika ngozi, nikaweka kisu chake juu, nikakizungushia mstari wa mkaa. Mpaka hapo sikukosea. Kisu ndicho hutangulia, ngozi hufuata. Wanaoanza kwa kukata ngozi kisha wakatafuta kisu cha kutia humo, hao niliwaona baadaye, na kazi yao niliiona.

Kosa langu lilikuwa jingine. Ala ya namna ile ni ngozi moja inayokunjwa katikati, ikashonwa upande mmoja. Na upande huo wa mshono ndio makali ya kisu yanapolala. Sasa mimi ni mtu wa mikeka. Mkeka ni shupatu refu lililosukwa, ukalizungusha, ukaziunga kingo zake kwa sindano moja, ukingo na ukingo, uzi ukipita chini kwa chini usionekane. Hapo ndipo sifa ya msuka mikeka ilipo, mshono usionekane. Basi nami nikaunga ngozi ukingo na ukingo, sindano moja, uzi umejificha ndani. Nikaipaka rangi zangu za ukindu, zambarau na kijani. Ikapendeza, nisiseme uwongo. Nimeona ala nyingi na sijaona nyingine iliyopendeza hivyo.

Asubuhi yake nikaitungua ile ya zamani ukutani, nikaizika ndani ya pipa la mpunga.

"Ala yangu iko wapi?" mume wangu akauliza.

"Panya."

"Panya gani huyo, ngozi miaka yote hakuila, leo akaila?"

"Wamezidi tangu zile karamu. Hii hapa nyingine, nimekushonea."

Akaigeuzageuza. "Nzuri," akasema. "Kama mkeka."

Nikadhani ananisifu. Akaivaa, akatoka, akapita mbele ya nyumba ya dada yake. Wifi alikuwa mlangoni anapiga mswaki. Aliitazama, mswaki ukasimama mdomoni. Kunyamaza kwake kulikuwa kutamu kuliko halua. Siku mbili nilitembea pale uwanjani kama mwenye nyumba.

Siku ya tatu wakamleta mume wangu ameegemea bega la mwenzake, kikoi chake kimelowa damu kuanzia pajani. Walikuwa wanaangua shamba moja upande wa Diani. Kila alipochomoa kisu na kukirudisha, makali yalikuwa yanakata uzi wangu, kidogo kidogo, na uzi umejificha ndani asiuone mtu. Alipokuwa anashuka ala ikafunguka kama ganda la kunde, kisu kikageuka, kikampasua nyuma ya paja. Alikuwa kidato cha nne kutoka chini. Angekuwa juu, nisingekuwa na la kusimulia isipokuwa eda. Walimshona hospitali, wakasema asipande mti mpaka apone.

Wifi aliiokota ala yangu uwanjani. Akaifungua, akapitisha kidole pale uzi ulipokatika. Nilingoja acheke.

"Wifi," akasema polepole, "umemvisha ndugu yangu mkeka."

Kabla ya alasiri neno hilo lilikuwa limefika kisimani.

Mtu atadhani kilichoniuma ni aibu, au lile jeraha. Jeraha liliniuma, mume ni wangu. Lakini kilichoniuma kwanza ni kwamba wifi alileta uji akakaa kitandani pangu, na yule mgonjwa aliyekataa uji wangu akaunywa wa dada yake mpaka akakwangua bakuli. Kisha akaniambia, "Ile ala ya zamani haikubaki hata kipande? Dada angeiunga."

Dada angeiunga. Ilikuwa mle ndani ya mpunga, hatua sita kutoka pale alipolala. Ningeitoa, mambo yangekwisha. Lakini nikiitoa, kiuno kimerudi kwao, na safari hii kwa mkono wangu mwenyewe.

"Panya wameimaliza," nikasema.

Nikaona dawa ni moja. Niijue hiyo kazi inafanywaje, nimshonee nyingine ya kweli kabla hajapona. Adhuhuri ya siku iliyofuata, amelala, nikaenda jikoni, nikaitoa ile ala ya zamani, nikaanza kuifumua kwa ncha ya kisu.

Jambo la kwanza nililoliona: katikati ya pande mbili za ngozi, pale kwenye mshono, palikuwa na kipande kingine chembamba, kama ulimi, kimebanwa ndani. Miaka yote nilidhani ule unene wa ukingo ni mapambo. Ule ulimi ulikuwa umejaa mikato midogo isiyohesabika. Kumbe makali yalikuwa yanakula pale, na uzi uko nyuma yake salama. Jambo la pili: kila tundu lilipita nyuzi mbili. Ukikatika huu, ule umeshika.

Nilikuwa nimeifumua yote, vipande viko mapajani, nasikia sauti, "Hodi," na mwenyewe amekwisha ingia. Alikuja kuomba kaa la moto. Wifi akasimama, akaona ngozi, akaona punje za mpunga zilizonasa mikunjoni mwake.

"Kumbe panya mwenyewe," akasema, "ndiye huyu."

Ukuta wa jiko letu ulikuwa wa udongo, na mume wangu amelala nyuma yake. Neno moja tu kwa sauti, ningekuwa njiani kwenda kwetu na mikeka yangu kichwani. Na angekuwa na haki. Nilimwangalia mdomo. Ulimi ule ambao haukuwahi kuniachia hata siku moja, siku hiyo ulitulia.

Akachuchumaa, akachukua ngozi kubwa, akaipapasa kwa kidole gumba.

"Hii aliikata baba," akasema. "Na matundu aliyatoboa yeye. Mimi hapa sijapata kutoboa hata moja. Uzi ukichakaa, napita mulemule alimopita."

Kwa hiyo miaka minne nilimwonea wivu mtu kwa ala ambayo hata yeye hakuifanya. Ungesema wivu ungepoa. Haukupoa, ulihama tu. Nikamwonea wivu kwa kuwa na baba aliyemwachia njia ya kupita.

"Lete maji ya vuguvugu," akasema.

"Ya nini?"

"Ngozi kavu haishonwi, mwanamke. Hata hilo?"

Akaenda kwake, akarudi na sindano mbili na uzi na ule msharasi wa baba yake. Nikadhani atashona yeye. Akanitupia mapajani.

"Shona."

"Mimi?"

"Aliyefumua ndiye atakayeshona. Matundu ya baba hayo. Ukitoboa jipya hata moja, namwamsha ndugu yangu."

Ule ulimi wa ndani ulikuwa umekwisha kazi, ukataka mwingine. Akavuta kipande cha ngozi yangu ya fahali kilichokuwa juu ya kuni, akakinusa, uso ukajikunja.

"Yanuka. Lakini ni nene. Tia ndani, haitaonekana."

Basi nikashona. Uzi ni mmoja, una sindano kila ncha. Sindano ya kulia inaingia tunduni, na ya kushoto inaingia tundu hilohilo kutoka upande wa pili, zinapishana kama watu wawili mlangoni. Kisha unavuta zote mbili kwa pamoja mpaka uzi ukaze. Kuvuta huko hakuwezekani ila ukifungua mikono, huu huku na huu kule. Nikajikuta nimekaa vilevile kama yeye, kama mtu anayetaka kumkumbatia jirani, na aliyekaa mbele yangu ni yeye. Hayakuwa maringo. Nilikuwa nimeitazama kazi miaka minne na sikuiona.

"Mkono wa kushoto umelala," akasema. "Vuta sawa."

"Navuta."

"Unavuta uzi au unavuta roho yangu? Taratibu, utaipasua ngozi."

Alinichapa kiganjani mara mbili, kama anavyochapwa mtoto wa chuo cha Kurani. Nilimaliza jua likielekea alasiri. Akakipaka kisu mafuta kisishike kutu, akakitia ndani ya ala ingali na maji, akaikandamiza kwa vidole ngozi ikashika umbo la kisu, akaiweka kivulini ikauke pamoja na kisu chake, asikitoe mtu. Ilipokauka ikapakwa mafuta ya nazi, ikawa nyeusi kama mwanzo.

Yeye ndiye aliyempelekea mume wangu ala kitandani. Mimi nikasimama nyuma, mlangoni.

"Panya hawakuimaliza," akamwambia. "Imeungwa."

Mume wangu akapitisha kidole kwenye mshono wangu, tundu kwa tundu. Akatabasamu vile alivyokuwa hatabasamu kwangu.

"Mkono wa dada," akasema, "ni mkono wa dada."

Wifi akanitazama, nami nikamtazama. Nikisema ni mimi niliyeshona, nitaulizwa nani aliyefumua. Nikangoja yeye aseme.

"Ahsante, ndugu yangu," akasema, akatoka.

Alipokea! Alinisitiri, sikatai, na ndoa yangu ilikaa kwa sababu yake. Lakini ile ahsante haikuwa yake na aliichukua.

Tangu hapo uzi ulipochakaa mume wangu alimpelekea dada yake ala, kama kawaida, na dada yake akanipitishia mimi kwa mlango wa nyuma. Nikashona, akarudisha yeye, akasifiwa yeye. Wakata miwa wa Ramisi walikuja kuleta ala zao kwangu pia, nimeshona nyingi, na hizo kila mtu alijua ni zangu. Lakini ile moja niliyoitaka, nilimshonea mume wangu mpaka siku aliyokufa na hakujua.

Alipokufa, kisu na ala vikaenda kwa mpwa wake, kama alivyosema wifi siku ya vitumbua. Sikuzuia.

Miaka mingi ikapita. Yule mpwa naye akaota mvi. Siku moja akaja kwangu na kitu kimefungwa kwenye kitambaa.

"Shikamoo, mkaza mjomba."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo, ila macho. Haoni uzi tena." Akafungua kitambaa. Ilikuwa ile ala. "Uzi umechoka. Mama amesema nikuletee wewe. Amesema, mkaza mjomba wako anayajua matundu."

Niliishika. Mshono wangu wa mwisho ulikuwa bado umo, na ndani, ukipanua kidogo mdomo wa ala, unauona ulimi wa ngozi ya yule fahali wa Uhuru.

"Amesema hivyo mbele ya nani?" nikamuuliza.

"Mbele ya nani? Tulikuwa sisi wawili tu."

"Hakukuwa na jirani? Hata mtoto?"

"Hapana, mkaza mjomba. Kwani vipi?"

Mwanamke yule! Hata siku ya kunipa haki yangu, alihakikisha hakuna shahidi.

Nikachukua sindano mbili na maji ya vuguvugu. Yule mpwa mwenye mvi alikuwa anaaga, aje kuichukua siku nyingine. Nikamwambia aketi. Nikamtolea kiti nje, pale mlangoni mwangu njia ya kisimani inapopita, nami nikatandika mkeka mbele yake, nikafungua mikono yangu, huu huku na huu kule.

"Kaa hapo utazame," nikamwambia. "Na wapita njia wakikuuliza hii ni kazi ya nani, uwajibu kwa sauti."